Kengele Haisemi Upande

Jioni moja nilimgonga mzee wa watu kwa ncha ya usukani wa baiskeli yangu, na kilichonisumbua wiki nzima baadaye ni kwamba sote wawili tulifuata adabu. Mimi nilipiga kengele. Yeye akanipisha. Na tuligongana kwa sababu ya hayo mawili, si kwa kuyakosa.

Kisa chenyewe ni kidogo. Hakuna aliyelazwa wala aliyeshtakiwa. Ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa, kwa sababu ajali kubwa hufunikwa haraka na hasira, bima na mashahidi, mwisho wake hujui tena nini kilitangulia nini. Hiki cha kwangu kilichukua sekunde mbili hivi na nimekwisha kuzipitia moja moja.

Njia inafuata ukingo wa mto. Upande wa maji kuna vyuma vinavyofika kiunoni, vya kuzuia watu wasitumbukie. Upande wa pili kuna ukanda wa nyasi, kisha ukuta. Pale inapoanzia pamesimama ile alama ya duara ya buluu: mtu juu, baiskeli chini, na mstari umelala katikati yao. Katika nchi kama Ujerumani mstari ukilala hivyo maana yake njia ni moja na wote mnachanganyika. Ukisimama wima, kila mmoja ana upande wake. Wanaopita hapo kila siku wengi hawajui tofauti hiyo, na sioni ni kwa nini wangeijua. Mtu akiona picha yake na picha ya baiskeli kwenye kibao kimoja anaelewa jambo moja tu: tumeruhusiwa sote.

Nilikuwa natoka kazini. Spidomita ilikuwa inasoma kilomita 22 kwa saa, mwendo ambao kwenye barabara ya magari ningeuona wa kobe. Mbele yangu walikuwa wanatembea watu wawili, wananipa mgongo: mzee wa miaka sabini na kitu, na binti ambaye baadaye nilijua ni mjukuu wake. Walikuwa upande wa nyasi, bega kwa bega, wanazungumza. Kulia kwao, kati ya bega la mzee na vile vyuma, palikuwa na uwazi. Nikaupima kwa jicho, nikaona napenya.

Nilipobakiza kama mita 10, penye nguzo moja ya kando, nikapiga kengele. Mlio mmoja, mfupi, kistaarabu.

Binti akarukia nyasini, kushoto. Mzee akaenda kulia, kwenye vyuma. Yaani kwenye ule uwazi wangu. Nilibana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza, na ncha ya usukani ikampata kwenye kiwiko. Alijishika kwenye chuma ili asianguke, na ni huko kujishika kulikomtegua kifundo cha mkono. Mimi nilisimama mita kadhaa mbele, mguu mmoja chini, moyo unapiga kama ngoma.

"Pole, mzee. Pole sana. Umeumia?"

"Mkono huu." Alikuwa ameushika kwa ule mwingine, anaugeuza polepole. Hakuwa na hasira, na hilo lilinifedhehesha zaidi. "Lakini kijana, si ulipiga kengele? Nikakupisha. Ulitaka nifanye nini zaidi?"

"Nilidhani utabaki pale pale ulipokuwa, mzee wangu."

"Sasa si ungenyamaza," mjukuu akadakia. "Kengele yako haisemi upande."

Nimewasimulia wenzangu wanaoendesha. Wote walisema mzee alitakiwa ashike upande wake. Nimewasimulia jamaa zangu wasioendesha. Wote walisema baiskeli zirudi barabarani kwa magari. Sikubaliani na kundi lolote, na kila nikiulizwa kwa nini, naanza na hesabu.

Kilomita 22 kwa saa ni mita 6.1 kwa sekunde. Mtu anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.4 kwa sekunde. Kwa hiyo nilikuwa nawasogelea kwa mita 4.7 kila sekunde. Mita 10 zikaisha kwa sekunde 2.1 hivi. Huo ndio muda wote ambao mzee alikuwa nao tangu kengele ilie hadi mimi kuwa ubavuni pake.

Katika muda huo ilibidi afanye kazi nne. Asikie. Atambue kwamba ni baiskeli, na kwamba mlio ni wake yeye. Aamue aende wapi. Kisha mwili utii, na mwili wa miaka sabini hautii kama wa ishirini. Mtu mwenye afya, asiyetarajia chochote, anaweza kumaliza yote hayo kwa sekunde moja na nusu, au mbili. Sasa weka hesabu mbili pamoja. Mzee alianza kusogea nilipokuwa nimebakiza chini ya mita 3. Kengele yangu ilimtoa mahali salama na kumleta mbele ya gurudumu, wakati ule ule nilipofika. Ningeipiga mapema kidogo, angekuwa ameshafika kwenye vyuma na mimi ningemwona. Nisingeipiga kabisa, angeendelea na mazungumzo yake, nami ningempita bila yeye kujua alichoponea.

Upande wangu nao una hesabu yake. Mpanda baiskeli anayeshtukizwa hutumia kama sekunde moja kabla vidole havijabana breki, na kwa mwendo ule sekunde moja ni mita 6. Breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 6 hivi mpaka kusimama. Jumla mita 12. Nilipiga kengele nikiwa mita 10 nyuma ya mtu ambaye sikujua atafanya nini. Kwa maneno mengine, nilimwomba mzee anijibu, huku nikiwa nimeshaufunga mlango wa kulisikiliza jibu lake.

Sasa rudia kisa kile kile kwa kilomita 12 kwa saa. Nawasogelea kwa mita 1.9 kila sekunde, na mita 10 zinanipa zaidi ya sekunde 5. Mzee anasikia, anakosea upande, anagundua amekosea, anarudi, na bado nina nafasi ya kusimama, maana kwa mwendo huo kusimama kabisa kunataka kama mita 5 tu, pamoja na ile sekunde ya mshtuko. Na kama tungegusana bado, nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: kilomita 22 zinabeba zaidi ya mara 3 ya nishati ya kilomita 12. Mwendesha baiskeli anaweza kubishana na sheria, lakini hapo hana wa kubishana naye.

Nilikuwa najitetea moyoni kwamba kupunguza mwendo kila unapomkuta mtu kunachelewesha. Nikaipigia hesabu hiyo nayo, kwa mita 40, ambazo ni nyingi kuliko zinazohitajika kumkaribia mtu, kumpita na kuongeza tena. Kwa kilomita 22 ni sekunde 6 na nusu. Kwa kilomita 12 ni sekunde 12. Kwa hiyo mkono wa mzee nilimtegua kwa ajili ya sekunde tano na nusu. Kuanzia hapo niliacha kujitetea.

Lakini kuna jambo la kengele ambalo mwendo peke yake haulielezi. Kwa nini binti alikwenda kushoto na mzee kulia, ilhali walisikia mlio mmoja?

Masikio yetu yako moja huku na moja huku, na ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha sikio lipi limepata kwanza na kwa nguvu zaidi. Mfumo huo ni hodari sana kwa kushoto na kulia. Kwa mbele na nyuma ni dhaifu, kwa sababu sauti iliyo katikati ya mgongo na iliyo katikati ya uso hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu akisikia kengele nyuma yake kwanza hugeuza kichwa: anatafuta tofauti. Na mtu anayetembea akigeuza kichwa, bega hufuata, na mguu hufuata bega. Kabla hajaamua lolote, tayari ameyumba. Halafu uzee huanza kuiba sauti nyembamba kabla ya zile nzito, na kengele ndogo za baiskeli nyingi ni nyembamba kama sindano. Kijana anaisikia kutoka mbali. Mzee anaisikia ikiwa imekaribia, na pengine haisikii. Mwenye spika za masikioni ni hivyo hivyo, na hata mtu asiyesikia kabisa ana haki ile ile ya kutembea hapo.

Zaidi ya hayo, mlio wenyewe hauna maana moja. Mimi nilikusudia "nipo nyuma yako, baki ulipo." Mzee alisikia "toka." Binti alisikia "hatari." Wote watatu tulikuwa sahihi, kwa sababu kengele ni ting tu.

Nikiwa bado nachemka na hayo, nilirudi pale na futikamba.

Njia ilikuwa na upana wa mita 2.4. Watu wawili bega kwa bega huchukua kama mita 1.3, wakiwa wamebanana. Uwazi niliouona jioni ile basi ulikuwa mita 1.1, na usukani wangu una sentimita 64. Ukiyaangalia hivyo, nilikuwa na nafasi ya kutosha na ya ziada. Ila wasanifu wa njia za baiskeli hawahesabu hivyo. Mwongozo wa Uingereza unaoitwa LTN 1/20, wa mwaka 2020, unasema kitu chochote kilichosimama kando ya njia na kupita sentimita 60 kwa urefu, kama ukuta au vyuma, kinakula nusu mita ya upana unaotumika, kwa sababu hakuna mpandaji anayethubutu kukwaruza usukani kwenye chuma. Ondoa nusu mita kwenye mita 1.1. Zinabaki sentimita 60. Uwazi niliojiaminisha kwamba napenya ulikuwa mwembamba kuliko usukani wangu.

Mwongozo huo huo unataka njia ya pamoja iwe na upana usiopungua mita 3 kama baiskeli hazizidi 300 kwa saa, na mita 4.5 zikizidi hapo. Marekani nako kipimo cha kawaida ni futi 10, ambazo ni zile zile mita 3. Njia yetu imepungukiwa na sentimita 60 kabla hata hujatoa zile za vyuma. Aliyebandika kile kibao cha buluu hakuongeza hata sentimita moja ya lami. Alibandika ruhusa tu, akaondoka.

Kuna mtu atauliza: mbona wakimbiaji hupita hapo kwa kilomita 12 kwa saa, bila kengele wala honi, na hakuna anayewalalamikia? Swali zuri. Mkimbiaji ana upana wa mabega yake, anasimama kwa hatua mbili, na akitaka kwenda kushoto anakwenda kushoto. Baiskeli haiwezi. Ili ikate kushoto lazima kwanza ilalie kushoto, na ili ilalie kushoto gurudumu la mbele hugeuka kidogo kulia. Mpandaji halijui hilo, hulifanya bila kufikiri, lakini maana yake ni kwamba katika uwazi mwembamba baiskeli haina ile ruka-kando ya mkimbiaji. Mtu akiingia mbele yako ghafla, breki ndiyo njia pekee, na breki zinataka mita ambazo umeshazitumia.

Baiskeli za umeme ziliongeza uzito kwenye jambo hili, ila si kwa namna inayosemwa mitaani. Katika Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme hutakiwa kukata msaada ikifika kilomita 25 kwa saa. Watu wameifanya namba hiyo kuwa ruhusa: kama sheria imesema 25, basi 25 ni salama. Ile ni ya mota. Haimhusu mzee wala mita 2.4 za lami.

Sasa, kosa ni la nani?

Kwa kadiri ninavyoona sheria za nchi nilizozisoma, halijifichi. Kanuni za barabarani za Uingereza zilifanyiwa marekebisho yaliyoanza tarehe 29 Januari 2022, na pale juu kabisa zikaweka ngazi ya wajibu: anayeweza kuumiza zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kupunguza hatari. Lori juu ya gari, gari juu ya baiskeli, baiskeli juu ya mtembea kwa miguu. Kanuni ya 63, inayohusu njia za pamoja, inamwambia mwendesha baiskeli asiwapite watu kwa karibu wala kwa kasi, hasa anapotoka nyuma yao. Apunguze mwendo, awajulishe yupo, kwa kengele au kwa kuwaita kwa upole. Na akumbuke kwamba wengine ni viziwi au hawaoni, na huenda isiwe dhahiri. Ujerumani, penye ile alama yenye mstari uliolala, sheria inamtaka mpandaji awajali watembeao na aulinganishe mwendo wake na wao pale inapolazimu. Hakuna mahali nilipokuta imeandikwa kwamba mtembea kwa miguu akisikia kengele ana wajibu wa kukisia upande.

Angalia pia mpangilio wa maneno katika kanuni ile ya 63. Punguza mwendo, halafu wajulishe. Mimi nilichukua nusu ya pili nikaiacha ya kwanza, na nina hakika ndivyo wafanyavyo wengi wetu. Kengele imekuwa badala ya breki. Ukishaipiga unajiona umelipa.

Watembeao nao wana yao, siyafichi. Kuna wanaomfunga mbwa kwa kamba ya mita tano inayokata njia nzima kama waya wa mtego. Kuna kundi la watu watano wanaotembea safu moja kama timu inayosubiri kupigwa picha. Hayo yanaudhi. Lakini angalia yanavyotofautiana na langu: mara nyingi yananichelewesha tu, hayamvunji mtu mkono. Sijawahi kusikia mpanda baiskeli aliyepelekwa hospitali kwa kugongwa na mtu anayetembea.

Wiki chache baada ya tukio, walionusurika kugongwa wakaongezeka, malalamiko yakafika kwa wanaohusika na njia, na wakachukua hatua. Kwanza kilikuja kibao kinachowataka waendesha baiskeli washuke na kusukuma kwa mita mia nne. Sijaona mtu aliyeshuka. Kibao cha namna hiyo kinamfanya kila apitaye juu ya baiskeli kuwa mkosaji sawa, mwenye kilomita 8 na mwenye kilomita 28, kwa hiyo hakimwambii yeyote kitu. Kisha wakachora mstari mweupe katikati: mita 1.2 za baiskeli, mita 1.2 za miguu.

Mstari huo naona ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Watu wawili hawawezi kutembea pamoja ndani ya mita 1.2, kwa hiyo mmoja hutembea upande wa baiskeli. Mpandaji, ambaye awali alijua yuko kwa wenyewe, sasa ana mali. Anaona mtu kwenye upande "wake" na haoni sababu ya kupunguza. Mtu asiyeona naye hana habari na rangi. Uingereza, njia zikigawanywa, huwekwa vigae vyenye mifereji mwanzoni mwake, upande wa miguu mifereji imekatiza njia kama vipago vya ngazi, upande wa baiskeli inafuata njia kama reli, na mstari wa katikati hunyanyuliwa ili fimbo iuguse. Sisi tulipata rangi peke yake, na mvua mbili zimeshaichubua.

Lilizungumzwa pia jambo la kuweka vizuizi vya chuma vinavyopishana, kimoja kushoto kingine kulia, ili baiskeli zilazimike kutambaa. Nashukuru lilikufa. Vizuizi vya namna hiyo haviwazuii wenye kasi, ambao wanajua kuvikata. Vinawazuia wenye viti vya magurudumu, wenye vigari vya watoto mapacha, na walemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu.

Mtu akitaka dawa ya kweli lazima atafute nafasi, na nafasi hutoka kwa mtu. Daraja la Brooklyn, New York, ni mfano ninaoupenda. Lilifunguliwa mwaka 1883, na juu ya njia za magari lina njia ya mbao ambayo kwa miaka na miaka watembeao na baiskeli waligawana kwa mstari wa rangi. Wageni walisimama katikati kupiga picha, wapanda baiskeli walipita wakipiga kelele, kila mmoja akimlaani mwenzake. Tarehe 14 Septemba 2021 njia moja ya magari, upande unaoelekea Manhattan, iligeuzwa kuwa ya baiskeli zinazokwenda na kurudi. Njia ya mbao ikabaki ya miguu. Waliokuwa wanagombana kule juu walikuwa wanagombania makombo, wakati mkate wenyewe ulikuwa chini yao, umeliwa na magari.

Kwetu hakuna mkate wa namna hiyo. Kuna mto huku na ukuta kule. Ule ukanda wa nyasi ukiwekwa lami utaongeza labda sentimita 80, na hilo nimeliomba kwa barua. Mpaka lifanyike, kinachobaki ni mwendo, na mwendo uko kwenye vidole vyangu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nikimwona mtu mbele, naacha kukanyaga pedali nikiwa mita 30 nyuma. Kama nina kengele ya kupiga, naipiga hapo hapo, mbali, ambapo bado ni habari na haijawa amri. Kwa kilomita 12 kwa saa mtu ana sekunde 15 za kusikia, kugeuka, kuniangalia na kuamua anavyotaka. Akisogea, nampita nikiwa nimempa nafasi. Asiposogea, nasogea mpaka umbali wa kuongea na nasema kwa sauti ya kawaida: "Samahani, napita kulia kwako." Upande ukitajwa, mtu hakisii tena. Asiposikia hilo nalo, nabaki nyuma yake kwa mwendo wake hadi njia ipanuke. Chini ya mwendo wa kutembea baiskeli huanza kuyumba na kutaka upana zaidi, kwa hiyo hapo nashuka. Nimefanya hivyo mara mbili tatu tu, na sikufa.

Pana wanaosema heri kupita kimya kimya, kengele iachwe kabisa. Sikubali. Nilipojaribu, watu walishtuka nilipotokea ubavuni mwao, na mama mmoja alinitupia maneno niliyostahili. Ukimya kwa kilomita 22 ni mbaya kama kengele kwa kilomita 22.

Mzee nilikwenda kumjulia hali mara kadhaa, na mara ya tatu, mkono ukiwa umeshapona, nilimweleza hesabu zangu. Hakuvutiwa na mita kwa sekunde. Alisema twende tukajaribu. Asubuhi moja, njia ikiwa tupu, alisimama nyasini akiwa amenipa mgongo, tukakubaliana anyooshe mkono mara tu atakapojua kuna baiskeli. Nilikuja kwa kilomita 22, nikapiga kengele penye nguzo ile ile. Mkono ulinyooka nikiwa nimeshamfikia ubavuni. Nikarudia kwa kilomita 12, kengele nikiipiga mita 30 nyuma. Safari hii aliunyoosha mapema, akaushusha, akajikuna shingo, ndipo nikampita.

"Hii ya pili ni ya kibinadamu," alisema.

Mjukuu wake, ambaye alikuwa anatushikia futikamba na kutucheka, akasema kuna mtu mmoja hajapimwa. Akaichukua baiskeli. Mimi nikatembea katikati ya njia, mgongo kwake, nikijua kila kitu: nguzo iko wapi, kengele italia lini, na kwamba napaswa kubaki pale pale nilipo.

Kengele ikalia. Nikarukia kwenye vyuma.